Kuflashi inverta ya zamani ya sola: mwongozo kamili kwa anayeishi mbali na gridi

Fundi simu wa Kariakoo akiflashi simu ikafia mezani, mwenye simu atanuna, ataazima ya ndugu yake, na kesho maisha yanaendelea. Inverta ikifia mikononi mwako kisiwani, mahali ambapo nguzo ya TANESCO haijafika, hakuna ya kuazima. Friji ya chanjo ya zahanati inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na yenyewe haijui kwamba wewe uko kwenye kazi ya dakika kumi iliyoharibika. Ndiyo maana naandika mwongozo huu kwa urefu. Kuflashi kwenyewe ni kufupi mno. Kazi iko kabla na iko baada.

Tuelewane kwanza kuhusu jambo lenyewe. Ndani ya inverta mna kompyuta ndogo inayoamua kila kitu: ichaji betri kwa volti ngapi, ipunguze lini, ikate lini, ichukue umeme wa paneli au wa jenereta. Maagizo yanayoiongoza kompyuta hiyo ndiyo femwea, na kuyafuta ili kuweka mengine kwa waya na kompyuta ndiko kuflashi. Watengenezaji huyarekebisha kadiri miaka inavyokwenda, na mashine iliyofungwa ukutani miaka minane iliyopita bado inafuata maagizo ya siku ile iliyotoka kiwandani, mpaka mtu aje na waya na kompyuta.

Nitashikilia familia moja, kwa sababu ndiyo ninayoifahamu vizuri na ndiyo utakayoikuta kwenye maduka, shule na nyumba nyingi: Axpert za kVA 5, volti 48, zinazotengenezwa na Voltronic Power ya Taiwan. Kampuni hiyo hutengenezea wengine, nao hubandika majina yao, kwa hiyo mashine hiyohiyo unaweza kuiona na nembo tofauti kabisa. Mwishoni nitagusia inverta za Victron, kampuni nyingine, kwa wenye nazo.

Je, kweli unahitaji?

Ushauri wangu ni mkali kidogo hapa: kama huwezi kutaja kwa sentensi moja tatizo ambalo femwea mpya inaliondoa, acha. Kuwepo kwa toleo jipya si sababu. Mashine ya zamani inayofanya kazi vizuri haidai chochote.

Sababu ninazozikubali ni tatu. Ya kwanza ni kubadilisha betri kutoka za maji au za jeli kwenda lithiamu, pale femwea ya zamani inapokosa mipangilio ambayo betri mpya inaihitaji. Ya pili ni kuunganisha inverta mbili au zaidi zifanye kazi sambamba. Matoleo yakitofautiana, zinagoma na kutoa msimbo 71, na hapo hakuna ujanja, lazima zilingane.

Ya tatu ndiyo inayowatesa watu bila wao kujua, nayo ni ugonjwa wa kushuka chaji mapema. Betri inatakiwa ipandishwe hadi volti ya juu, ishikiliwe hapo mpaka ishibe, kisha inverta ishuke kwenye volti ya kutunza. Inverta hujua betri imeshiba kwa kuona ampea zinazoingia zimepungua. Sasa katika matoleo fulani ya zamani ya Axpert, wingu likipita au mtu akiwasha birika, ampea zinazoingia kwenye betri hushuka ghafla, na mashine inadhani kazi imekwisha. Inashuka kwenye volti ya kutunza saa tano asubuhi, jua likiwa kali, betri ikiwa nusu njaa. Mwenye nyumba anaona taa zinazima saa nane usiku na kuilaumu betri. Nimeona watu wakinunua betri mpya kwa ugonjwa huu. Wapenzi wa mashine hizi huko Australia waliuchimba mpaka kwenye mzizi wakaandaa femwea zilizorekebishwa, na ni kwa kazi yao kwamba wengi wetu tuliuelewa.

Kwa upande mwingine yapo matatizo ambayo femwea haiyagusi. Msimbo 01 ni feni iliyokwama. Msimbo 02 ni joto kupita kiasi, mara nyingi vumbi. Msimbo 09 maana yake umeme wa ndani umeshindwa kupanda mashine inapowaka, na mara nyingi kuna vipande vya ubaoni vilivyoungua. Ukiflashi mashine yenye 09 unapoteza muda na unajipa tumaini la bure. Hiyo ipelekwe kwa fundi wa elektroniki anayebadilisha vipande vya ubaoni.

Hatua ya kwanza: itambue mashine kwa macho yako

Usitegemee jina lililoandikwa mbele. Soma kibandiko cha ubavuni: modeli kamili, volti ya betri, na namba ya mashine. Piga picha. Kisha simama mbele ya kioo, bonyeza kitufe cha kushuka mara kadhaa kupitia kurasa za taarifa mpaka uone herufi U1 na tarakimu pembeni yake, kwa mfano 72 40. Hilo ndilo toleo la kompyuta kuu. Ukiendelea utaona U2, toleo la sehemu inayohudumia paneli. Ni vitu viwili tofauti na kila kimoja kina faili lake. Zote mbili zipigie picha.

Hapa ndipo mashine nyingi hufia. Modeli za Axpert kama MKS, MKS II, King na VM zinafanana sura na hata vitufe, lakini ubao wa ndani si mmoja. Zipo pia za kuigiza ambazo ganda ni lilelile na ndani ni kitu kingine kabisa. Faili la modeli moja likiingia kwenye nyingine, mashine inaweza isiamke tena, au iamke ikiwa inasoma volti za uongo, jambo ambalo ni baya zaidi kwa sababu itachaji betri kwa kipimo kibovu huku kioo kikikuonyesha kwamba mambo ni shwari.

Faili liombe kwa aliyekuuzia au kwa mwenye nembo, ukimtumia picha zile za kibandiko na U1. Omba mawili: toleo jipya, na toleo ulilonalo sasa. Inverta hizi hazikupi njia ya kunakili femwea iliyomo kabla ya kuifuta. Ukitaka kurudi ulikotoka, faili la zamani uwe nalo mkononi kabla ya kuanza. Akikujibu “chukua hili, linafanya kwa zote,” usilichukue.

Hatua ya pili: daftari

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na nitaeleza kwa nini.

Kazi yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa duka la vinywaji upande wa Sengerema. Kuflashi kulikwenda bila shida, toleo jipya likaonekana kwenye kioo, nikapokea pesa yangu nikapanda gari. Kesho yake mchana nikapigiwa simu: kila kitu kimezima, kioo kinaonyesha 03, na majokofu yamejaa bidhaa. Msimbo 03 ni volti ya betri kupita kiasi. Nilichokuwa sijakifanya ni kuandika mipangilio. Baada ya kuflashi, mashine ilirudi kwenye mipangilio ya kiwandani, yaani betri ya AGM (aina ya betri ya risasi), kuchaji kwa volti 56.4 na kutunza kwa 54.0. Betri ya duka lile ilikuwa ya lithiamu yenye seli 15.

Piga hesabu. Volti 56.4 ukigawa kwa seli 15 unapata 3.76 kwa kila seli. Seli ya aina hii, ya chuma na fosfeti, haitakiwi kuvuka 3.65. Betri kama Pylontech US2000, yenye seli 15, hupendekezwa kuchajiwa kwa takriban volti 53.2, ambayo ni kama 3.55 kwa seli. Kwa hiyo kilinzi cha ndani ya betri kilifanya kazi yake: kilijikata. Inverta ikiwa katikati ya kuchaji kwa nguvu ikajikuta haina betri, volti zikaruka, ikazima. Kilinzi kile kiliokoa betri. Kingekuwa kibovu, betri ingechemka.

Basi chukua daftari, si karatasi ya kufungia maandazi. Bonyeza ENTER kwa sekunde tatu uingie kwenye mipangilio, pita namba moja baada ya nyingine, andika zote hata zile usizozielewa. Zile zitakazokuumiza ukizikosea ni hizi: 01, chanzo kipi kitangulie kulisha vifaa, 02, ampea za juu za kuchaji kwa jumla, 05, aina ya betri, 11, ampea za kuchaji kutoka jenereta au gridi, 12 na 13, volti za kuhamia jenereta na kurudi kwenye betri, 16, chanzo cha kuchaji, 26, volti ya kuchaji, 27, volti ya kutunza, 28, kama mashine iko peke yake au sambamba na nyingine, na 29, volti ya kukata betri ikiisha. Baada ya kuandika, pita tena na simu ukirekodi video. Mkono huandika 53 ukidhani umeandika 58.

Hatua ya tatu: waya na kompyuta

Unahitaji kompyuta ya Windows, maana programu ya kuflashi inayokuja ndani ya folda ya faili hutumika huko tu. Simu haitoshi.

Tundu la kutumia ni lile la mawasiliano ya RS232 lenye umbo kama la waya wa intaneti. Hapo watu hukosea kwa kuchomeka waya wa kawaida wa intaneti moja kwa moja kwenye kompyuta. Usifanye hivyo: tundu lile si la intaneti na baadhi ya pini zake zina umeme. Tumia waya uliokuja na mashine. Kama umepotea, unaweza kuutengeneza: upande wa inverta pini ya 1 iende kwenye pini ya 2 ya plagi ya tundu tisa, pini ya 2 iende kwenye 3, na pini ya 8 iende kwenye 5. Nyaya tatu tu. Nyingine zikate, zisiguse kitu.

Kompyuta za sasa hazina tundu tisa, hivyo utahitaji kibadilishi cha kwenda USB. Vile vya bei ya chini sana mara nyingi vina chipu ya zamani ya Prolific PL2303, na draiva mpya za Windows huzikataa chipu hizo. Unachomeka, unaona alama ya njano, unaanza kuhangaika katikati ya kazi. Nunua chenye chipu ya FTDI na ukijaribu nyumbani. Kwenye dirisha la Device Manager angalia umepewa COM ngapi, yaani namba ambayo kompyuta imeupa waya wako, uiandike.

Kabla ya kuflashi, hakikisha kompyuta na inverta zinaongea. Mwendo wa mazungumzo ya kawaida ya Axpert ni biti 2400 kwa sekunde. Tuma agizo la QVFW, linaloiuliza mashine toleo la femwea yake, kupitia programu yoyote ya ufuatiliaji inayokuja na mashine hizi, au iache programu yenyewe isome toleo. Jibu likija na namba ileile uliyoiona kwenye U1, waya wako ni mzima. Jibu lisipokuja, suluhisha hapo, usisonge mbele kwa matumaini.

Tena, hili nalisisitiza: kompyuta itumie betri yake yenyewe, imejaa. Nimewahi kumkuta kijana amechomeka chaja ya kompyuta kwenye soketi inayolishwa na inverta ileile anayotaka kuiflashi. Nilimwahi kabla hajabonyeza. Zima pia hali ya kulala na uiahirishe Windows isijiwashe upya katikati.

Hatua ya nne: siku yenyewe

Mimi huanza saa nne asubuhi. Alfajiri betri imechoka na usiku, jioni huna jua la kukuonyesha kama kuchaji kunaenda sawa. Saa nne paneli zimeshaipandisha betri kidogo na mchana wote uko mbele yako. Betri ikiwa chini ya nusu, ngoja.

Waambie watu wa nyumbani au wa kituo siku moja kabla. Kama kuna chanjo, muuguzi azihamishie kwenye kisanduku baridi chenye vifurushi vya barafu kabla hujagusa swichi yoyote. Usiseme “ni dakika kumi tu.” Sema saa tatu.

Anza kwa kuzima vifaa vyote, kisha breka ya kwenda kwenye vifaa. Zima breka ya jenereta au gridi. Zima breka ya paneli. Utaratibu huu una maana: paneli zitoke kabla ya betri kuguswa, kwa sababu kuchaji kusikokuwa na betri ndiko kunakorusha volti. Betri yenyewe iache, maana ndiyo itakayoilisha mashine wakati wote wa kuflashi. Kaza kwa mkono vichwa vya waya za betri uone kama hakuna kilicholegea.

Chomeka waya, fungua folda uliyoifungua kutoka kwenye zipu (programu isiendeshwe ikiwa bado ndani ya zipu), chagua COM yako. Kama swichi ya inverta iwe imewashwa au imezimwa wakati huu, karatasi iliyokuja na faili itakuambia, na hutofautiana kati ya modeli, basi ifuate hiyo na si kumbukumbu ya kazi ya jana. Bonyeza kuanza.

Sasa kaa chini. Kioo kinaweza kuzimika, feni zinaweza kuunguruma, mashine inaweza kulia. Asilimia itapanda polepole. Usiguse waya, usihamishe kompyuta, usimruhusu mtoto kupita katikati. Kwa kawaida ni dakika chache. Mpaka maneno ya kufanikiwa yatokee, mikono yako ikae mapajani.

Ikikwama katikati

Moyo utadunda, lakini usikimbilie kuzima betri. Katika mashine hizi sehemu ndogo ya programu inayopokea femwea kwa kawaida huwa haifutwi, kwa hiyo mara nyingi unaweza kuanza upya. Funga programu, chomoa USB uichomeke tena, hakikisha COM haijabadilika namba, kisha rudia tangu mwanzo. Ikigoma mara ya pili, badilisha kibadilishi. Ikigoma mara ya tatu, zima kabisa, betri ikiwemo, subiri dakika kumi kapasita zitulie, washa, jaribu tena. Visababishi nilivyovikuta mara nyingi ni waya tu: pini ambayo haijakaa, au kibadilishi kinachopoteza mawasiliano kikipata joto.

Hatua ya tano: kurudisha uhai

Zima inverta, washa. Nenda kwenye U1 usome. Namba mpya iwepo, na iwe ileile uliyoahidiwa.

Kabla ya kurudisha paneli, rudisha mipangilio. Anza na 05. Kama unatumia volti zako mwenyewe, iweke USE, kwa kuwa bila hivyo 26, 27 na 29 hazifunguki. Kisha weka hizo tatu. Halafu 02 na 11, ili ampea zisizidi zile ambazo betri yako inastahimili. Kisha zinazobaki kwa mujibu wa daftari. Namba 28 hubadilika tu swichi ikiwa imezimwa, basi usidhani mashine imeharibika ikikataa. Ukimaliza, zima, washa, pita tena zote ukilinganisha na daftari. Mara nyingine toleo jipya huongeza namba ambayo haikuwepo, hivyo soma maelezo yake kabla ya kuiacha ilivyo.

Chukua mita, pima volti kwenye vichwa vya betri, linganisha na kioo. Tofauti ya sehemu moja au mbili za kumi ya volti ni ya kawaida. Ikiwa kioo kinasema 51 na mita inasema 54, simama hapo, usiwashe paneli, urudishe femwea ya zamani.

Vikilingana, washa vifaa vidogo kwanza: taa, redio. Kisha breka ya paneli. Utaona ampea zikianza kuingia. Sasa kaa na mashine hadi betri ijae. Angalia volti ikifika kiwango cha 26 inashikilia hapo, na kama ulikuja kwa ajili ya ugonjwa wa kushuka mapema, washa birika makusudi, lizime, uone kama inabaki kwenye kuchaji. Friji washa ikiwa umeridhika, na chanjo zirudi kipimajoto kikishafika ndani ya 2 na 8.

Kwa wenye Victron

Utaratibu wa akili ni uleule: tambua, andika, flashi, rudisha. Vifaa ndivyo tofauti. Utahitaji kiunganishi cha MK3-USB. Namba ya femwea ina tarakimu saba, na mbili za mwanzo ndizo za kutazama kwenye mashine ya zamani: 26 au 27 maana yake ina kompyuta ndogo ya kizazi kipya na inaweza kupokea matoleo ya sasa. Zikiwa 19 au 20, matoleo hayo si yako, na ukitaka mfumo wa ESS (wa Victron wa kuhifadhi na kutumia umeme wa sola pamoja na gridi), unaodai femwea yenye tarakimu tatu za mwisho 415 kwenda juu, itabidi kubadilisha mashine. Mipangilio hifadhi kama faili kabla ya kuanza, kwa kuwa na hapa pia inaweza kufutika.

Kabla ya kuondoka, andika kwenye kipande cha karatasi toleo la zamani, toleo jipya, tarehe, na volti za 26, 27 na 29, ukibandike kwa gundi ya plastiki ubavuni mwa inverta, chini ya kibandiko cha kiwandani. Faili zote mbili ziache kwenye fleshi, fleshi iwe ndani ya bahasha, bahasha akae nayo mwenye nyumba.